Daktari Priscilla White, Jina Lililokosekana Katika Somo Langu

Kwa miaka ishirini na mitano niliyoishika chaki, sikumbuki mwaka hata mmoja ambao sikufundisha habari za insulini. Kidato cha pili kilipofika kwenye mada ya namna mwili unavyodumisha usawa wa mambo yake ya ndani, nilichora kongosho ubaoni, nikachora ini kando yake, kisha nikawasimulia wanafunzi kisa cha Toronto: jinsi Frederick Banting na Charles Best walivyohangaika na mbwa wao katika kiangazi cha mwaka 1921, jinsi James Collip alivyoisafisha dawa ile, na jinsi mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akichungulia kaburi alivyodungwa sindano Januari 1922 akapata kuishi. Ni kisa kitamu. Wanafunzi walikipenda, nami nilikipenda zaidi yao, na kengele ilipolia tuliondoka sote tukiamini kwamba ugonjwa wa kisukari ulikuwa umekwisha kumpata mbabe wake.

Siku moja ya mwaka 1987, msichana aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono. Alitaka kujua iliwezekanaje mamake akaambiwa ana sukari alipokuwa mja mzito, kisha baada ya kujifungua akaambiwa hana. Nilimjibu, kwa ule ujasiri wa mwalimu asiyejua na asiyetaka kujulikana kuwa hajui, kwamba bila shaka maabara ilikosea, kwani kisukari hakiji na kuondoka kama mgeni wa likizo. Darasa likaangua kicheko. Msichana akaketi.

Jibu langu halikuwa la kweli, na makala haya nayaandika kwa ajili ya deni hilo. Lau ningelijua wakati ule jina la daktari mmoja wa kike wa mji wa Boston, Marekani, nisingemwaibisha mtoto wa watu mbele ya wenzake. Jina lenyewe ni Priscilla White. Miongoni mwa madaktari wanaotibu kisukari cha waja wazito hakuna asiyelijua. Miongoni mwetu sisi tunaofundisha shuleni, nadra mno kumpata aliyelisikia.

White alizaliwa katika jimbo la Massachusetts mwaka 1900. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 1923, naye alikuwa wa tatu katika darasa lake. Mtu angetarajia hospitali kubwa za Boston zimgombanie. Haikuwa hivyo. Wakati huo hospitali hizo hazikuwa na nafasi kwa wanawake waliotaka kupata mafunzo ya kazi baada ya chuo, basi binti huyu aliyewashinda wanaume karibu wote wa darasa lake akalazimika kufunga virago kwenda Worcester, mji ulio upande wa magharibi, ili apokewe katika hospitali ya huko. Sisi tuliokaa katika vyumba vya walimu tukiwasikia wenzetu wakisema kwamba sayansi ni ya wavulana hatuna haki ya kuwacheka watu wa Boston.

Mwaka 1924 alirejea mjini akajiunga na Daktari Elliott Joslin, mtu mzima aliyekuwa bingwa wa kisukari kabla ya insulini kujulikana. Joslin alikuwa na tabia moja ambayo wengine waliiona kuwa ya kikarani: aliandika habari za kila mgonjwa, mwaka baada ya mwaka, wa kupona na wa kufa. Alimkabidhi daktari huyu kijana wagonjwa ambao pengine hawakupiganiwa na wengi, yaani watoto wenye kisukari, na baadaye waja wazito wenye kisukari. White alidumu katika kazi hiyo kwa miaka hamsini.

Ili kuuelewa uzito wa kazi yenyewe, ni lazima tukumbuke hali ilivyokuwa. Kabla ya insulini, msichana aliyepatwa na kisukari utotoni aghalabu hakufikia umri wa kuolewa. Mwanamke aliyepata ugonjwa huo ukubwani ni nadra kushika mimba, na aliyeishika aliingia katika hatari ya kuipoteza roho yake pamoja na ya mwanawe. Insulini ilipopatikana, wasichana wale wakakua, wakaolewa, wakashika mimba. Akina mama hawakufa tena kwa wingi kama zamani. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo lililowaduwaza madaktari: mama aliokoka, lakini mtoto aliendelea kufa. White alipoanza kazi yake, ni takriban asilimia 54 tu ya mimba za wagonjwa hao zilizoishia kwa mtoto aliye hai. Karibu nusu ya vitanda vidogo vilibaki vitupu, na hayo yalitokea katika mji wenye vyuo vya udaktari vya kuonewa fahari duniani.

Madaktari wengi walitoa shauri rahisi, kwamba mwanamke mwenye kisukari asizae, na akishika mimba basi itolewe. White hakuridhika na shauri hilo.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi darasani kidogo. Chakula tulacho, hasa ugali, wali, viazi na mkate, humeng'enywa kikawa glukosi, sukari iingiayo katika damu. Insulini itokayo kwenye kongosho ndiyo inayoziamuru seli za misuli na za mafuta kuipokea sukari hiyo, na ndiyo inayolizuia ini lisimwage sukari zaidi. Mimba inapofika miezi yake ya kati, kondo la nyuma, lile ambalo wakunga wetu hulizika na kulisahau, huanza kufanya kazi ya tezi. Humwaga homoni zake katika damu ya mama, na homoni hizo, zikisaidiana na nyingine za mama mwenyewe, huufanya mwili wake kuwa sugu kwa insulini. Amri inatolewa, lakini seli zinaisikia nusunusu. Kufikia miezi mitatu ya mwisho, nguvu ya insulini katika mwili wa mama huwa imepungua kwa karibu nusu, pengine zaidi.

Msomaji asidhani kwamba usugu huo wenyewe ni ugonjwa. Ni mpango wa maumbile. Mama huchelewa kuitumia sukari baada ya kula ili ibakie katika damu muda wa kutosha na mtoto naye apate fungu lake, mithili ya mwenye nyumba anayekula taratibu huku akiisogeza sinia upande wa mgeni. Usiku, au anapokaa saa nyingi bila kula, mwili wake hugeukia upesi mafuta yaliyohifadhiwa, ukaishi kwa hayo, ili mtoto asipungukiwe na sukari. Umetaboli wote wa mama, yaani utaratibu mzima wa mwili wa kukigeuza chakula kuwa nguvu, hupangwa upya kwa ajili ya kiumbe ambacho hakijazaliwa. Kongosho lenye afya huubeba mzigo huo kwa kutoa insulini mara mbili, hata mara tatu ya kawaida yake, na mama hahisi lolote. Msiba huanza pale kongosho linapolemewa: kwa mwanamke aliyekuwa tayari na kisukari, au kwa yule ambaye kongosho lake lilikuwa likijikongoja miaka mingi bila yeye kujua.

Kisha kuna jambo la pili. Sukari hulipenya kondo ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipenyi. Mtoto anayefurikwa na sukari hana budi kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na ndani ya tumbo la mama insulini ni homoni ya kukuza. Mtoto hunenepa, hasa mabegani na tumboni, hata mabega yakakwama wakati wa kuzaliwa. Mapafu yake nayo huchelewa kukomaa, ijapokuwa kwa macho anaonekana mkubwa na mwenye nguvu. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma ghafla ilhali insulini ya mtoto ingali tele. Sukari yake ikaporomoka, akatetemeka, akapata degedege, na asiposaidiwa upesi huweza kufa siku hiyo hiyo. Wengine walifia tumboni katika majuma ya mwisho, baada ya mama kulala usiku akimsikia akicheza.

Maelezo haya yote hayakuwapo White alipoanza. Aliyeyaunganisha vizuri, sukari ya mama upande mmoja na insulini ya mtoto upande wa pili, ni Jørgen Pedersen wa Copenhagen, Denmark, katika miaka ya 1950. White alifanya kazi robo karne nzima bila ramani hiyo. Alichokuwa nacho ni daftari la Joslin na wagonjwa wenyewe, na kutokana na hayo alijifunza kwamba kipimo cha insulini kilichomtosha mwanamke kabla ya mimba hakingemtosha katika mwezi wa saba. Dozi ilipaswa kupanda na kupanda, kisha mara tu baada ya kondo kutoka ilipaswa kushushwa siku hiyo hiyo, la sivyo mama aliyenusurika uchungu wa uzazi angepoteza fahamu kwa upungufu wa sukari.

Wenzangu mnaofundisha sayansi mtafurahi kusikia kwamba silaha yao kubwa ya nyumbani wakati huo ilikuwa kimiminiko cha Benedict, kile kile cha buluu ambacho wanafunzi wetu hukichemsha katika maabara wakitafuta sukari kwenye maji ya matunda. Mgonjwa alitia matone ya mkojo wake, akachemsha, akaitazama rangi: buluu ilikuwa habari njema, kijani ilikuwa onyo, na rangi ya matofali ilimaanisha kwamba sukari ni nyingi mno. Hata hivyo, figo za mja mzito huvujisha sukari kwenye mkojo ijapokuwa damu yake haijazidiwa, tena siku za mwisho sukari ya maziwa nayo huanza kuonekana mkojoni. Rangi peke yake ingeweza kudanganya. Ilibidi damu ipimwe, na kuipima damu siku hizo kulimtaka mgonjwa aende kliniki.

Basi White akawaita. Akina mama walikuja mara kwa mara, na kadiri mimba ilivyokua ndivyo walivyokuja kwa karibu zaidi. Chakula kilipangwa, dozi ikarekebishwa, uvimbe wa miguu na shinikizo la damu vikaangaliwa, maana kifafa cha mimba huwapenda sana wagonjwa hawa. Majuma ya mwisho wengi wao walilazwa. Daktari wa kisukari, daktari wa uzazi na daktari wa watoto walimshughulikia mama mmoja kwa pamoja, jambo ambalo leo twaliona la kawaida lakini siku hizo kila mmoja alikaa katika mlango wake. Kwa kuwa watoto wengi walikufa tumboni karibu na siku zao kutimia, White na wenzake waliamua kutosubiri siku hizo, wakawatoa mapema, mara nyingi kwa upasuaji. Uamuzi huo ulikuwa na ubaya wake. Mtoto aliyetolewa mapema mno alikufa kwa mapafu machanga. Aliyeachwa mno alikufa tumboni. Daktari alisimama kati ya vifo viwili akichagua juma.

Ni katika kuchagua huko ndipo lilipozaliwa jambo lililomfanya ajulikane zaidi. Mwaka 1949 White alitangaza utaratibu wa kuwapanga waja wazito wenye kisukari katika makundi yaliyoitwa kwa herufi. Kundi la A lilikuwa la wale ambao chakula chenye mpango kiliwatosha. Waliofuata walipangwa kwa kuangalia umri waliokuwa nao ugonjwa ulipoanza, na miaka waliyoishi nao. Makundi ya mwisho yalikuwa ya wale ambao mishipa yao ya damu, macho au figo zilikuwa zimekwisha kuguswa. Kabla ya hapo daktari aliuliza tu sukari imefika wapi. White alisema, kwa takwimu zake, kwamba historia ya mwanamke na hali ya mishipa yake vina uzito katika kukisia mwisho wa mimba. Mpango huo ulirekebishwa mara kadhaa, na leo nafasi yake imepungua katika hospitali nyingi, lakini kwa miongo kadhaa herufi zake ndizo zilizotumiwa na madaktari wa nchi mbalimbali walipotaka kuelewana juu ya mgonjwa.

Sitaki nimsimulie daktari huyu kana kwamba hakukosea. Alikosea, tena kosa kubwa. Katika miaka ya 1940 madaktari wenzake wa Boston, mume na mke waliojulikana kwa jina la Smith, waliamini kuwa mimba huharibika kwa sababu ya upungufu wa homoni za kike. White aliikubali fikra hiyo, akawapa wagonjwa wake homoni, miongoni mwazo dawa ya kutengenezwa iitwayo stilbestroli. Watoto walizidi kuokoka, naye akadhani homoni zina sehemu yake katika ushindi huo. Hakuwa ametenga kundi la kulinganisha lisilopewa dawa. Mwaka 1955 uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa waja wazito wenye kisukari, wengine wakipewa homoni na wengine vidonge visivyo na kitu, ulionyesha kuwa homoni hazikuleta faida. Mwaka 1971, katika mji ule ule wa Boston, madaktari wengine waligundua kwamba baadhi ya mabinti ambao mama zao walipewa stilbestroli wakiwa waja wazito walikuwa wakipatwa na saratani ya uke ambayo ni nadra sana kwa wasichana. Serikali ya Marekani ikawaonya madaktari mwaka huo huo wasiwape tena waja wazito dawa hiyo. Nimelitaja jambo hili kwa makusudi kwa ajili ya wanafunzi. Mwanamke huyo huyo aliyefundisha ulimwengu kuhesabu kwa uangalifu alidanganywa na hesabu isiyokuwa na upande wa pili. Kilichowaokoa wale watoto ni uangalizi, insulini, muda mzuri wa kujifungua na maarifa ya wenzake wa wadi ya watoto. Homoni zilipanda tu juu ya gari lililokuwa tayari linakwenda.

Kazi yake kwa watoto wenye kisukari ingefaa makala yake peke yake. Mwaka 1932 alichapisha kitabu juu ya kisukari cha watoto na vijana, na katika miaka hiyo alishiriki katika kuanzisha kambi ya wasichana wenye kisukari katika mji mdogo wa Oxford, Massachusetts, mahali alipozaliwa Clara Barton, muuguzi mashuhuri wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wasichana walifundishwa kujidunga wenyewe, kupima mkojo, na kucheza kama watoto wengine. Naona uzi mmoja unaopita hapo: msichana aliyejifunza kambini kuitawala sukari yake akiwa na miaka kumi ndiye aliyerudi kwake baada ya miaka kumi na mitano akiwa mja mzito.

Mwaka 1960 chama cha kisukari cha Marekani kilimtunuku nishani yenye jina la Banting. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 1974. Kufikia hapo alikuwa amesimamia mimba zaidi ya elfu mbili za wanawake wenye kisukari, na ile asilimia 54 ya siku zake za mwanzo ilikuwa imepanda ikapita 90.

Sasa nirejee kwa yule msichana wa dirishani. Wagonjwa wengi wa White walikuwa wanawake waliojijua kuwa na kisukari kabla ya mimba. Mama wa msichana yule hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa katika lile kundi jingine, la wanawake ambao kongosho zao hutosha siku za kawaida lakini huzidiwa na usugu unaoletwa na mimba, kisha kondo likitoka usugu unaondoka na sukari inarudi mahali pake. Hali hii huitwa kisukari cha mimba. Mjini Boston huko huko, daktari John O'Sullivan aliwanywesha sukari waja wazito 752 akawapima damu, na mwaka 1964 yeye na mwenziwe Claire Mahan wakatangaza vipimo vya kuitambua. Kabla yao, huku kwetu Afrika, W. P. U. Jackson wa Cape Town alikuwa ameandika mwaka 1952 juu ya wanawake waliozaa watoto wakubwa kupita kiasi, au waliozaa wafu, miaka mingi kabla ya wao wenyewe kugunduliwa kuwa na kisukari. Maabara ya mama yule haikukosea. Vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi, na aliyekosea alikuwa mwalimu.

Uchungu wangu ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuiona hali hiyo kwa macho yangu nisiitambue. Mwaka 1979 dada yangu mkubwa alikuwa na mimba ya tatu. Alinenepa, tumbo likawa kubwa, na kila aliyepita nyumbani alimsifu. Sisi tunapenda mtoto mkubwa. Mtoto wa kilo tano hupewa majina ya mashujaa, na mamake hutembea kifua mbele. Kliniki aliyokuwa akihudhuria ilimpima uzito, ikamsikiliza mtoto, ikamwambia kila kitu ki sawa. Kiu yake isiyokwisha ilielezwa kuwa ni joto la Februari. Juma moja kabla ya tarehe yake, mtoto aliacha kucheza. Alizaliwa mfu, mvulana wa kilo tano na robo, mzuri kwa umbo, mashavu yamejaa. Mazishini watu walizungumza juu ya husuda ya jirani mmoja ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Jirani huyo alihama mtaa kabla mwaka haujaisha. Mimi, mwalimu wa bayolojia, nilikuwapo nikisikia, na sikuwa na maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

Miaka kumi na miwili baadaye dada yangu aligunduliwa kuwa na kisukari cha kudumu. Daktari kijana aliyemwona alimuuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa na mtu yeyote: watoto wake walizaliwa na uzito gani? Dada akaanza kuhesabu kwa vidole. Wa kwanza kilo tatu na nusu, wa pili kilo nne na nusu, wa tatu. Alipofika hapo alinyamaza. Aliniambia baadaye kwamba ndipo alipoelewa kuwa jirani yule hakumfanyia kitu.

Maarifa yameongezeka tangu siku hizo. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2008, uliohusisha wanawake zaidi ya 23,000 wa nchi tisa, ulionyesha kwamba hatari kwa mtoto hupanda polepole kadiri sukari ya mama inavyopanda, pasipo mstari wa kutenganisha walio salama na wasio salama. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha kuitambua hali hii: sukari ya milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula chochote, au 8.5 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Kipimo hicho hufanywa zaidi kati ya juma la 24 na la 28, wakati usugu unapozidi makali. Wengi wanaopatikana nayo huhitaji mpango wa chakula na mazoezi ya mwili tu. Wengine hupewa insulini au vidonge. Mwanamke aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba huwa na hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu baadaye, mara saba hata kumi kuliko mwenzake, kwa hiyo haitoshi kumwambia kuwa sukari imeondoka. Mwambie pia arudi apimwe. Hilo mama wa mwanafunzi wangu pengine hakuambiwa, na mimi niliyepata fursa ya kumpelekea ujumbe kupitia kwa bintiye nilifanya mzaha.

Oktoba 1989, katika mji wa Saint Vincent nchini Italia, wajumbe wa nchi za Ulaya walikutana na kuweka malengo ya vita dhidi ya kisukari. Mojawapo lilikuwa kwamba mimba za wanawake wenye kisukari zifikie mwisho mwema sawa na za wanawake wasio nacho. Miezi miwili baadaye, Desemba, Priscilla White alifariki huko Massachusetts akiwa na umri wa miaka 89.

Nilipostaafu nilimkabidhi kijana aliyechukua madarasa yangu daftari langu la maandalizi, nikiwa nimebandika ukurasa mmoja mpya baada ya Banting na Best. Aliusoma wote akiwa amesimama. Kisha akaniuliza kama hayo yamewahi kutokea katika mtihani. Nilimwambia kwamba hayajatokea.